Do ya Kibuyu

Mwaka wangu wa kidato cha nne ulianzia kwenye karatasi iliyobandikwa kwa uji wa unga mlangoni pa chumba cha muziki. Ilikuwa na majina sita, langu likiwa la mwisho, na mbele ya kila jina kulikuwa na nafasi tupu ya kuandika chombo ambacho mwanafunzi angekipiga kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu alitupa hadi Ijumaa. Asiyekuwa na chombo, alisema, hana mtihani wa vitendo, na asiyefanya vitendo asijisumbue na nadharia.

Nimeishi sehemu nyingi tangu hapo. Nimeuza vipuri Tunduma, nimepima korosho Masasi, nimekaa Kigoma miezi kumi bila sababu ninayoweza kuieleza vizuri. Sasa nina miaka arobaini na ushee na begi langu halijawahi kukaa juu ya kabati mwaka mzima. Lakini popote nilipo, nikimsikia mtu anajaribu sauti, do, mi, so, do, ninajikuta nimerudi Mbinga kwenye kile chumba, nikiwa na miaka kumi na minane na sweta lililotoboka kiwikoni.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kahawa hapo zamani, na kuta zake zilikuwa bado zinanuka maganda. Tulikuwa na kinanda kimoja cha umeme, gitaa moja, filimbi tatu za plastiki, na ubao ambao mwalimu alikuwa ameuchora mistari mitano ya nota kwa rangi ya mafuta ili asiichore upya kila kipindi. Ile mistari ilinitia wazimu. Nilikuwa naichora kwenye madaftari ya hesabu, kwenye vumbi la paredi, kwenye mvuke wa dirisha la bweni asubuhi za baridi. Nilikuwa nimegundua kwamba sauti inaweza kukaa mahali, na mtu wa mbali asiyekujua akaikuta palepale ulipoiacha.

Kwetu haikuwa hivyo. Mimi nilikulia kwenye kwaya ya kigango huko Lipingo, kando ya ziwa, na kwaya yetu ilisoma nyimbo kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Juu ya kila karatasi huandikwa "Do ni G" au "Do ni F", yaani nota ya kinanda ambako do inakaa, lakini sisi maneno hayo tuliyachukulia kama tarehe juu ya barua, kitu cha kuonyesha adabu tu. Mwalimu wa kwaya alikohoa, akaitafuta do kooni mwake, akatupa, tukaenda nayo. Akiwa na mafua, do ilishuka. Siku ya Pasaka ilipanda. Hakuna aliyelalamika isipokuwa akina mama wa sauti ya kwanza, na wao walilalamika kila Jumapili hata hivyo.

Kwa hiyo nilifika kidato cha nne nikijua kuimba na nisijue kupiga chochote. Kinanda kilichukuliwa na wavulana wawili waliokuwa wamejifunza kwa masista. Filimbi mbili zikapata wenyewe; ya tatu ilikuwa imetafunwa na panya mdomoni. Gitaa lilikuwa la msichana niliyekaa naye dawati moja, Mmatengo wa huko juu milimani, binti wa mkulima wa kahawa. Alikuwa na vidole vigumu kama vya fundi na ulimi mkali kuliko wote darasani.

"Na wewe, Mnyasa?" Mwalimu aliniuliza ile Ijumaa; ndivyo tulivyoitwa watu wa ziwani.

"Sauti, Mwalimu."

"Kuimba kila mtu ataimba, kuna alama zake. Mimi nataka chombo. Kitu ambacho ukikiacha mezani ukatoka nje, ukirudi unakikuta."

Wenzangu walinigeukia. Nilikuwa natafuta jibu lolote, na lililokuja halikupitia kichwani.

"Kibuyu, Mwalimu."

Darasa lilipasuka. Yule msichana wa gitaa alilaza kichwa kwenye dawati. "Cha togwa au cha pombe?" aliuliza alipopata pumzi. "Mwalimu, mtahini akija tumkaribishe na kikombe kabisa."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ametoka Tabora, hakuwa hata na mwaka mmoja Mbinga, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akisikia jambo asilolijua. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba kwetu ziwani wanaume hucheza mganda, wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakijipanga mistari kama askari, na pamoja na ngoma kubwa wanakuwa na vibuyu wanavyoviimbia. Vibuyu vidogo kwa sauti ya kwanza, vikubwa zaidi kwa zinazofuata, hadi kile cha besi ambacho mtu hukishika kama amebeba mtoto. Mtu anaimba ndani, na kibuyu kinaitoa sauti ikiwa imegeuka, inanguruma, kama nyuki elfu moja waliofunzwa kwaya.

"Umewahi kukipiga?"

"Nimewahi kukishika, Mwalimu."

Darasa likacheka tena. Yeye akaandika "kibuyu" mbele ya jina langu. "Kilete baada ya likizo ya Pasaka," alisema. "Nikikiona na kukisikia, tutazungumza. Nisipokisikia, nalikata jina."

Siku ile nilitoka darasani nikikimbia, sijui nilikuwa naenda wapi. Somo la muziki lilikuwa ndilo pekee lililonifanya niamke kabla ya kengele. Hesabu nilikuwa nimeshaiaga, fizikia ilikuwa imeniaga yenyewe. Kama jina langu lingekatwa pale, sikuona ni kitu gani kingenibakisha shuleni hadi Novemba.

Pasaka nilishuka ziwani juu ya lori lililokuwa linarudi kuchukua dagaa. Unapoondoka Mbinga umevaa kila ulichonacho. Ukipita Kingerikiti unaanza kufungua vifungo, na kadiri barabara inavyoteremka nguo zinapungua, hadi ukiliona ziwa limelala chini kule, pana na bluu, umeshabaki na singlendi. Nilienda moja kwa moja kwa mjomba, kaka wa mama. Yeye ndiye aliyekuwa kapteni wa mganda kijijini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hapana, mjomba. Tumefunga kwa Pasaka."

"Basi kaa ule. Umekonda, huko milimani wanakula kahawa?"

Nilikula ugali wa muhogo na dagaa hadi nikashindwa kuinama, ndipo nikaitoa shida yangu. Mjomba alinawa mikono taratibu akinitazama.

"Mtihani wa serikali?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wa kibuyu?"

"Wa muziki. Kibuyu ndicho chombo changu."

Akageukia jikoni. "Mama watoto! Njoo usikie. Serikali imeanza kutahini mganda!"

"Basi wewe ulishapata digrii," shangazi alijibu kutoka kwenye moshi. Sisi tulimwita shangazi kwa mazoea tu, ingawa alikuwa mke wa mjomba.

Mjomba alinipeleka chumba cha nyuma. Vibuyu vilikuwa vimetundikwa ukutani kwa mstari kama vinavyosimama uwanjani. Nilinyoosha mkono kwenye kizuri kimoja chenye shingo ndefu. Akaushika mkono wangu.

"Hicho kina mtu. Yuko ziwani sasa hivi. Hiki ni cha fundi baiskeli. Hiki cha mwenyekiti. Baada ya mavuno tunashindana na wale wa ng'ambo ya mto, na nikikupa kimoja, mstari unakuwa na pengo. Watu wataona kabla hawajasikia."

"Sasa mimi nifanye nini, mjomba?"

Akapanda kigoda, akaingiza mkono kwenye dari, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gunia. Kilikuwa kibuyu kidogo, cheusi kwa moshi, na ubavuni kina ufa ulioshindiliwa nta. Mwenyewe alikuwa amehamia Malawi zamani na hakuna aliyekichukua. "Hiki hakina mstari," mjomba alisema. "Ukikiweza, kiwe chako."

Kwa siku tatu alinifundisha. Kibuyu kina tundu kubwa la kuimbia na tundu dogo pembeni yake, na hilo dogo lazima lifunikwe utando. Utando wenyewe ni ule mduara mweupe ambao buibui wa ukutani huufuma juu ya mayai yake, upana wa sarafu, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Unatafuta ambao mayai yameshaanguliwa. Unaubandua kwa ukucha bila kupumua, unaubandika kwa nta, halafu unaimba. Hupulizi. Nilipopuliza mara ya kwanza utando ulipasuka, na mjomba akaniuliza kama nilikuwa nawasha moto.

Jioni ya pili utando ulishika, nikaimba "u" moja ndefu, na kibuyu kikaitika. Mifupa ya uso ilinitetemeka. Nilikitoa mdomoni nikakitazama. Kuku wa shangazi walikuwa wamesimama wote wakinitazama mimi. Nilicheka peke yangu hadi machozi.

Kuna kitu kimoja mjomba hakuniambia. Kwake kilikuwa sawa na kumwambia mtu afungue mlango kabla ya kutoka, na mimi sikujua kama kuna kitu cha kuuliza.

Nikarudi Mbinga na kibuyu ndani ya sweta, katikati ya magunia ya dagaa, na utingo akiniuliza kila kituo kama mtoto hajambo.

Mwalimu alikigeuzageuza mikononi, akakigonga kwa kucha, akanusa nta. Niliimba sauti moja tu, ile "u", na kilinguruma. Akakaa kwenye kiti. "Rudia," alisema, kisha mara nyingine, "rudia." Siku iyo hiyo alianza kuniandikia kipande cha mtihani: wimbo wa mganda niliomwimbia mwenyewe, akaupanga kwenye mistari mitano, na chini yake akatunga sehemu ya kinanda ya kunisindikiza. Aliandika Do ni G, kwa sababu G ilikuwa rahisi kwa mmoja wa wale wavulana wa kinanda, aliyepangiwa kunisindikiza.

Nilipoiona sauti ya kijijini kwetu imekaa kwenye mistari, na vichwa vyeusi na mikia, nilitaka kuikunja karatasi niile.

Lakini kibuyu hakikulia. Mvulana wa kinanda alinipa G, mimi nikaanza, na kibuyu kikatoa mlio wa nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikaimba kwa nguvu zaidi, nzi akawa mkubwa kidogo. Mwalimu aliinamisha kichwa. "Utando," alisema.

Nami nikakubali. Mbinga mwezi wa sita ni baridi na ukungu, nguo haikauki siku tatu. Bila shaka utando wa buibui ulikuwa unalowa. Tukaanza msako. Wanafunzi wote sita wa muziki tulikuwa tunatembea shuleni tukitazama kuta badala ya njia. Tulibandua utando bwaloni, maktaba, nyuma ya picha ofisini kwa mkuu wa shule. Msichana wa gitaa aliletewa barua ya onyo na matroni kwa kukutwa amepanda juu ya kitanda cha mwenzake wakati wa prepu.

"Nimeandika maelezo," aliniambia akinikabidhi duara tatu nyeupe ndani ya daftari. "Nimeandika: nilikuwa namtafutia Mnyasa buibui. Nikifukuzwa, utanioa wewe."

Nilijaribu duara zote. Nilijaribu nailoni ya pakiti ya sigara, ngozi ya kitunguu, karatasi ya pipi. Nilikausha kibuyu juu ya majivu ya jikoni hadi mpishi akanifukuza. Kila kipindi tulianza upya, G kutoka kwenye kinanda, na nzi ndani ya chupa.

Kwenye mtihani wa moko nilipiga mbele ya walimu watatu. Mmoja wao, baada ya kunisikiliza hadi mwisho, aliuliza kwa upole kama nimeshaanza.

Mwalimu wa muziki alinisubiri nje. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Sikiliza, kijana. Mtahini anakuja baada ya wiki chache. Siwezi kukupeleka mbele yake na kitu kisicholia. Nakupa hadi Jumatatu. Kisipolia, nalitoa jina, ukazane na masomo mengine."

"Sawa, Mwalimu."

"Si kwa ubaya."

"Najua, Mwalimu."

Jumamosi asubuhi umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Mimi na msichana wa gitaa tulikuwa zamu ya kufagia chumba cha muziki. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mti wa mparachichi nje ya dirisha ulionekana nusu. Alipomaliza upande wake alikaa juu ya meza akaanza kukaza nyuzi za gitaa, nami nikachukua kibuyu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyochukua fimbo akitoka nyumbani.

Bila umeme hakukuwa na kinanda cha kunipa G. Nikakohoa, nikaitafuta do kooni, kama kwetu, nikaanza wimbo.

Kibuyu kililipuka. Sina neno jingine. Kioo cha dirisha kilianza kutetemeka kwenye fremu, vumbi tulilolifagia likaruka, na ile ngurumo ya nyuki ikajaa stoo nzima hadi kwenye bati. Nilikatiza kwa woga.

Yule msichana alikuwa amesimama. "Umefanya nini?"

"Sijui!"

"Rudia. Rudia kabla hujasahau, we mtu!"

Nikarudia. Ilikuwepo.

"Shikilia hapohapo," alisema, akawa anapiga uzi mmoja mmoja wa gitaa huku ameukaza uso. "Hii siyo G."

Nilikuwa siwezi kumjibu, nilikuwa nimeshikilia do kama mtu aliyeshika kuku asitoroke.

"Siyo G kabisa. Imepanda. Ni A? Hapana, A umeikosa. Shikilia! Iko katikati hapa, Mnyasa, hata haipo kwenye gitaa. Ukiwa G unakiua, ukiwa hapo kinafufuka!"

Tulitazamana. Kisha tukakimbia wote wawili, yeye na gitaa, mimi na kibuyu, tukakata kiwanja cha mpira kwenye ukungu hadi nyumba za walimu. Mwalimu alitoka na mswaki mdomoni.

"Shikamoo Mwalimu, sio utando!" nilisema.

"Marahaba. Sio utando nini?"

"Kina do yake! Kibuyu kina do yake, haitaki ya kinanda!"

Nikampigia palepale barazani. Jirani alifungua dirisha. Mwalimu alitoa mswaki mdomoni, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande mwingine. Nikaimba nikianzia G kwa kukisia, nzi; nikapanda pale penyewe, ngurumo. Akaketi kwenye ngazi akaanza kucheka, povu la dawa ya meno likiwa bado kidevuni.

"Mimi nimekulia kwenye kwaya," alisema. "Wewe umekulia kwenye kwaya. Sote tunaamini do inakaa popote utakapoiweka. Tumemaliza buibui wa shule nzima, kumbe tunamlazimisha mtu kuimba nje ya nyumba yake."

Baadaye, kwa barua iliyopelekwa na dereva wa lori, nilimuuliza mjomba kwa nini hakuniambia. Alijibu kwa mdomo kupitia dereva huyohuyo: kwani wewe ulidhani ni kwa nini ngoma hukisubiri kibuyu cha kwanza kitoe sauti yake?

Tulikuwa na shida mpya, lakini ilikuwa shida tamu. Umeme uliporudi Mwalimu alijaribu kinanda. Kilikuwa na kitufe cha kupandisha na kushusha, ila kilipanda kwa hatua nzima za nota, na do ya kibuyu ilikuwa kwenye ufa kati ya nota mbili. Kinanda hakiwezi kukaa kwenye ufa. Gitaa linaweza. Msichana akalegeza nyuzi zote sita kidogokidogo, akisikiliza kibuyu baada ya kila uzi, hadi vikakubaliana. Baada ya mazoezi ilimbidi akaze zote upya kwa ajili ya kipande chake mwenyewe.

"Gitaa zima linaifuata mboga ya porini," alilalamika. "Nyumbani wakisikia watanicheka."

Lakini alifanya hivyo kila siku, kwa wiki zote zilizobaki, na tulipokuwa tunapiga pamoja nilikuwa namwona anafumba macho.

Mtahini alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliyetoka mkoa mwingine na kuishi na baridi yetu kwa kujifunga kitenge juu ya koti. Alikaa nyuma ya meza katika chumba cha muziki na kutuita mmoja mmoja. Mwalimu wetu hakuruhusiwa kuingia. Nilipoitwa nilimwona amesimama nje chini ya mparachichi, mikono nyuma, akitazama juu kama anayehesabu majani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Chombo chako ni kipi?"

Nikaweka kibuyu mezani. Akakitazama juu ya miwani.

"Kinapigwaje?"

"Kinaimbiwa, Mwalimu. Hapa."

"Unaimba wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni sauti yako." Akaweka kalamu chini. "Kiweke pembeni. Imba huo wimbo."

Nikaimba.

"Sasa imba ndani yake."

Nikaimba ndani yake, na kwa sababu nilikuwa naogopa nilianza chini mno, na kikatoa mlio mdogo wa kukwaruza.

"Mwanangu," alisema, bila ukali, "mimi nasikia sauti ileile imevaa koti. Kuimba utaimba baadaye, kuna sehemu yake. Hapa natakiwa kutahini chombo. Kiko wapi?"

Nakumbuka kwamba sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hamu, hamu kubwa iliyopanda hadi masikioni, kwa sababu kwa mara ya kwanza shuleni mtu mzima alikuwa ameniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mimi peke yangu.

"Mwalimu, naomba unipe do. Yoyote unayoitaka. Pale kwenye kinanda."

Aliinua nyusi, akasogeza kiti, akabonyeza. G. Nikaimba G ndani ya kibuyu: nzi.

"Nyingine, Mwalimu, tafadhali."

Akapanda, akabonyeza A. Nzi mwingine, mwembamba zaidi. Akashuka F. Nzi akalala.

"Sasa naomba nikupe yake."

Nikavuta pumzi, nikaitafuta, nikaiachia. Chumba kilijaa. Miwani yake ilitetemeka kwenye kamba na mkono wake ukaishika. Nilikatiza, nikarudia, ili ajue kwamba haikuwa bahati. Akageukia kinanda akaanza kuitafuta. Akabonyeza G, akatikisa kichwa. A, akatikisa kichwa. Akabonyeza ile nyeusi iliyo katikati, akasikiliza kwa muda mrefu, akanionyesha kwa kidole niimbe tena. Nikaimba huku yeye amebonyeza, na sauti mbili zikagombana masikioni mwetu, wau, wau, wau.

"Haipo," alisema.

"Haipo, Mwalimu. Ni ya kwake. Mimi ninaweza kuimba hizo zote, yeye anataka hiyo."

Alikichukua kibuyu, akatazama ndani ya tundu, akapitisha kidole juu ya ufa wenye nta. Nilimwona anakileta karibu na mdomo, kisha akakumbuka kazi iliyomleta, akakirudisha.

"Nani anakusindikiza?"

"Gitaa, Mwalimu. Limeshalegezwa."

"Mwite."

Msichana wa gitaa aliingia haraka kiasi kwamba ilikuwa wazi alikuwa amebandika sikio mlangoni. Akakaa, akagusa nyuzi, akanitazama. Nikampa do ya kibuyu, na yeye akaikuta palepale. Tukapiga. Sijapata kupiga vile tena, na nimejaribu, kwenye vyumba vya kupanga na mabaa na mara moja kwenye meli. Wimbo wa Lipingo ulitembea ndani ya ile stoo ya kahawa kama ulioijenga wenyewe, na mwisho, pale gitaa linapobaki peke yake halafu kibuyu kinarudi, nilimwona mtahini ameacha kuandika.

Tulipomaliza, alivuta kitabu chake karibu. "Chombo nimekikubali," alisema. "Kilichobaki ni alama zako." Akamwashiria msichana atoke. Kisha akafungua ukurasa na kuniwekea mbele mistari mitano yenye nota chache, sehemu ya kusoma papo hapo, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi mwaka mzima hadi usingizini.

Nilizitazama. Zilikuwa zinaruka. Nilijua kabisa ile ya kwanza ni nini, na kila nilipofungua mdomo kuiimba, kilichotoka ni kicheko cha furaha. Nilijibana. Nikaanza tena, nikaikosa ya pili, nikacheka tena.

"Chukua muda wako," mtahini alisema, na nilisikia kwamba naye alikuwa anajizuia.

Nje ya mlango sauti ya chini, yenye hasira, ilisema, "Soma, we Mnyasa, soma!"

Nikasoma. Nilizikosa karibu zote. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa nimefaulu muziki kwa C, na Mwalimu, aliyepitisha kidole kwenye mstari wangu mara mbili, alisema ingekuwa B kama ningeweza kufunga mdomo nikaacha kucheka.